Uzi: Naezeka upya nyumba ya mama Kilindoni baada ya Kimbunga Hidaya. Bati gani, na lifungwe vipi?

MwanaChole

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie, kwa sababu nataka kulimaliza jambo hili mara moja.

Mama yangu anaishi Kilindoni, Mafia. Jumamosi ya tarehe 4 Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipofika kisiwani, upande wa kusini wa paa lake uliezuliwa. Mimi nilikuwa Dar na hakukuwa na chombo cha kuvuka kutoka Nyamisati. Nilipompata kwenye simu aliniambia, "Mwanangu, nimelala chumbani kwangu naiona mbingu." Maneno hayo hayajanitoka mpaka leo.

Tulifunika kwa turubai, kisha tukapachika mabati ya kuokotaokota. Sasa nimejaliwa kukusanya fedha ya kupaua upya nyumba nzima. Ni ya tofali za saruji, mita 9 kwa 11, ilijengwa miaka ya tisini, paa la pande mbili. Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikiuliza wauza bati swali moja tu: bati gani haling'olewi na kimbunga? Kila mmoja ananitajia bati lake.

Kilichonibadilisha mawazo ni mabati yenyewe. Baada ya kimbunga, vijana wa mtaani waliokota mabati 14 ya mama kwenye minazi na uwanjani kwa jirani. Nilipofika nikayakagua moja moja. Kumi na moja yalikuwa bado yamepigiliwa kwenye papi zake, zile mbao nyembamba za kupigilia bati! Yaani bati halikuiachia papi, papi ndiyo iliyoiachia kenchi, ile fremu ya mbao inayobeba paa. Na kwenye kenchi nikakuta matundu ya misumari yakiwa safi kabisa, kama mtu aliyeng'oa msumari kwa taratibu.

Nikaanza kusoma na kupiga hesabu. Upepo haukandamizi paa peke yake, unalinyonya kwenda juu, kama unavyoinua bawa la ndege. Na nguvu yake haiongezeki sawasawa na kasi. Kasi ikizidi mara mbili, nguvu inazidi mara nne. Upepo wa kilomita 60 kwa saa una msukumo wa kama kilo 17 kwa kila mita ya mraba. Wa kilomita 120 unafika karibu kilo 70. Wa kilomita 180 unapita kilo 150. Kwenye kingo na pembe za paa mnyonyo unaweza kuwa mara mbili ya katikati, hata zaidi.

Bati la unene wa milimita 0.3 lina uzito wa kama kilo 3 tu kwa mita ya mraba. Mabati yote ya nyumba ya mama hayafiki kilo 450. Sasa chukua paa la mita za mraba 120 ukilitazama kutoka juu, upepo wa kilomita 120, na ukate nusu ya msukumo kwa kuwa si kila sehemu inanyonywa sawa. Bado unapata zaidi ya tani 4 zinazovuta kwenda juu. Kilo 450 haziwezi kuzuia tani 4. Kinachozuia ni vifungo tu, kuanzia bati hadi papi, papi hadi kenchi, kenchi hadi ukuta, ukuta hadi msingi.

Nina nukuu tatu mezani:

Ya kwanza, bati la muundo wa vigae, geji 30 (geji ni namba ya unene, ikiwa kubwa bati ni jembamba), rangi ya maruni. Linapendeza, na mama analipenda.

Ya pili, bati la migongo mipana, geji 28, lenye mpako wa mchanganyiko wa aluminiamu na zinki, bila rangi.

Ya tatu, bati la aluminiamu tupu. Bei yake imenitisha.

Mimi naelekea kwenye la pili, na fedha itakayobaki niiweke kwenye skrubu, mbao na mikanda ya chuma. Mafundi na wenye uzoefu wa pwani ya kusini, naomba mnikosoe kabla sijatuma mzigo Nyamisati.

---

Fundi_Mikindani

Mwanangu, umeona kitu ambacho wenye nyumba wengi hawakioni. Napaua Mtwara na Lindi mwaka wa 26 huu. Paa likiruka, watu hulaumu bati. Mimi kwanza natazama misumari.

Msumari unashika ukisukumwa ubavuni, lakini ukivutwa kwa kichwa haushiki. Papi ya inchi mbili kwa mbili iliyopigwa msumari mmoja kwa juu, upepo ukiinyanyua, msumari unatoka ulivyoingia. Na mara nyingi papi yenyewe ilishapasuka siku ya kwanza, kwa sababu msumari wa inchi nne ni mnene kuliko inavyostahimili. Fanya hivi: tumia mbao ya mbili kwa tatu badala ya mbili kwa mbili, na kila inapokutana na kenchi ifunge kwa mkanda wa bati nene uliopita juu ya papi na kushuka pande zote mbili za kenchi, misumari ipigwe ubavuni. Hapo upepo ukivuta juu, misumari inasukumwa kwa ubavu, hainyofoki.

Nafasi za papi: huku tumezoea sentimita 90 hadi mita moja. Wewe weka sentimita 60 mita moja ya mwisho ya kila ukingo, na kwenye kofia, lile bati la kufunika kilele cha paa, vilevile. Katikati 90 inatosha kwa geji 28.

Misumari ya bati yenye kofia achana nayo. Nunua skrubu zenye washa ya mpira, za inchi mbili na nusu, ziingie ndani ya mbao vya kutosha. Pembezoni mwa paa piga kila mgongo, katikati piga mgongo mmoja acha mmoja. Na usimwache kijana akaze mpaka mpira ukachomoza kama ulimi, hapo bati limeshabonyea na litavuja.

Swali langu kwako: juu ya ukuta kuna mkanda wa zege? Nyumba nyingi za miaka hiyo zina linta, yaani boriti ya zege, juu ya madirisha tu, kisha kozi (mistari) tatu za tofali, kisha mbao imelazwa juu kwa waya. Kama ni hivyo, hata ukifunga bati kwa dhahabu, upepo utaondoka na paa pamoja na kozi ya juu.

---

MwanaChole

Shikamoo mzee wangu. Ni hivyo hivyo ulivyosema. Linta juu ya madirisha, kozi tatu, mbao, na waya wa kufungia uliokwisha kuliwa na kutu. Hakuna mkanda wa zege.

---

Fundi_Mikindani

Marahaba. Basi hapo ndipo fedha yako ya kwanza iende, kabla ya bati. Toa kozi ya juu, mwaga mkanda wa zege kuzunguka nyumba nzima, nondo 4 za milimita 12 na ringi za milimita 8. Kabla hujamwaga, chomeka vipande vya nondo nyembamba vyenye kulabu chini, vichomoze juu kila zitakapokaa kenchi. Mbao ya juu ya ukuta ikishalala, unavikunja juu yake. Na kila kenchi nayo ifungwe kwa mkanda wake wa chuma. Na pale kwenye pembe za nyumba, na kila baada ya mita tatu hivi, chimba tofali ushushe nondo mpaka kwenye linta, ili mkanda wa juu ushikane na ukuta wa chini.

---

Bi_Shangani

Nakusoma kwa makini, kaka, maana mimi niko Mtwara na mwaka 2019 tuliambiwa Kimbunga Kenneth kinakuja kwetu. Shule zilifungwa, watu wakahamia kwenye majengo imara, tukasubiri. Tarehe 25 Aprili kikaingia Msumbiji, Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma. Sisi tukanusurika, wenzetu wa kisiwa cha Ibo wakabaki na kuta.

Naomba kuuliza. Ninajenga, na ramani yangu ni ya paa lililofichwa, lile la kuta zinazopanda juu, kwa mbele huoni bati. Fundi mmoja aliniambia ndilo salama zaidi kwa upepo kwa kuwa bati limejificha. Ni kweli?

---

Mhandisi_Lindi

Dada, kuna nusu ya kweli. Ukuta unaopanda juu ya paa unapunguza mnyonyo wa kwenye kingo, hilo linajulikana. Lakini ukuta huo wenyewe unapokea upepo kama tanga. Kama ni tofali zilizopangwa tu bila nguzo wala mkanda wa zege juu yake, unaweza kuangukia ndani, juu ya bati na juu ya watu. Pili, paa hilo huwa karibu tambarare, na maji yake yote yanapita kwenye mifereji ya ndani. Kimbunga huku kwetu kinakuja na mvua ya siku nzima. Jani moja la mwembe likiziba tundu, maji yanarudi darini. Kama umeshaipenda ramani, weka nguzo za zege kwenye ukuta huo, ongeza matundu ya dharura ubavuni, na mteremko usiwe mdogo.

Kwa mwenye uzi: umeuliza bati, hujauliza umbo. Kwa kuwa unapaua upya nyumba nzima, fikiria kuacha pande mbili na kufanya pande nne. Ukuta wa pembetatu kwenye paa la pande mbili ni mahali upepo unapopiga ukiwa umesimama wima, na mara nyingi ndio unaoanguka kwanza. Pande nne, mteremko kati ya nyuzi 25 na 30, ndilo umbo linalostahimili vizuri zaidi kwa nyumba za kawaida. Paa la mteremko mdogo sana linanyonywa zaidi, jambo ambalo wengi hulifikiria kinyume.

Halafu baraza. Kama paa la baraza ni mwendelezo wa paa la nyumba, upepo ukiingia chini yake unaliinua na kulifungua paa zima kama kopo. Tenganisha. Baraza liwe na kenchi zake na mabati yake, likienda liende peke yake.

Nije kwenye unene, kwa sababu hapa kuna funzo kubwa la Darwin, Australia. Usiku wa kuamkia Krismasi ya mwaka 1974 Kimbunga Tracy kiliupiga mji ule. Kipimo cha upepo cha uwanja wa ndege kilisoma kilomita 217 kwa saa kisha kikaharibika. Nyumba nyingi za mji ziliharibiwa, na watu 66 walikufa. Nyumba zile zilikuwa na mabati mapya, na bati moja moja likijaribiwa kwa kuvutwa mara moja lilikuwa linafaulu. Tatizo ni kwamba upepo wa kimbunga hauvuti mara moja. Unavuta na kuachia, unavuta na kuachia, maelfu ya mara kwa saa kadhaa. Bati jembamba na gumu likapasuka nyufa ndogo kuzunguka kichwa cha kila kifungo, mpaka likachomoka na kuacha skrubu kwenye mbao. Chukua kipande cha waya ukikunje huku na huku, utaelewa. Baada ya hapo Waaustralia wakaanza kuyapima mabati kwa kuyatikisa mara nyingi mfululizo, na wakaleta washa pana za kuweka chini ya kichwa cha skrubu ili mzigo usambae.

Kwa hiyo nukuu yako ya kwanza, geji 30 ya vigae, mimi naiondoa mezani. Mikunjo yake ni ya urembo, na haikai vizuri chini ya washa pana. Ukiweza kupata geji 26 ya migongo, chukua. Kama fedha haifiki, geji 28 na washa pana kwenye kingo zote.

---

Babu_wa_Makuti

Vijana wangu, mnahesabu nondo. Sisi tumekulia chini ya makuti. Upepo unapita katikati, paa linahema, haliruki likakata mtu shingo. Kimbunga kikipita unasuka makuti mengine, mnazi uko uani. Bati limeleta joto, kelele na msiba.

---

MwanaChole

Shikamoo babu. Sikupingi kwa joto wala kwa kelele, na ni kweli kuti likiruka halimdhuru mtu kama bati. Lakini mama ana miaka 71. Makuti ya kusukwa upya kila baada ya miaka michache yanataka mikono, na mikono ya ukoo iko Dar. Tena mama anakinga maji ya mvua kwenye simtanki, kisima cha jirani kimeanza kuwa na chumvi. Maji ya makuti hayanyweki. Jiko la nje nitaliacha la makuti, kwa heshima yako na kwa kuwa mwenyewe anapenda kukaa pale mchana.

---

Bin_Ngazija

Niongeze la kwetu. Mimi ni Mngazija, ninao ndugu kisiwani Mayotte. Tarehe 14 Desemba 2024 Kimbunga Chido kilipita pale. Upepo uliopimwa uwanja wa ndege wa Pamandzi ulifika kilomita 226 kwa saa. Vilimani, zile nyumba za mabati matupu, bati ukutani na bati juu, zilifagiliwa mtaa mzima. Ndugu yangu ananiambia sauti iliyomtisha si ya upepo, ni ya mabati yakiruka na kugonga kuta za jirani. Yeye alikuwa kwenye nyumba ya zege, alinusurika kwa sababu walijifungia bafuni.

Ndiyo maana nawaambia, jamani, ukifunga bati lako vizuri humlindi mama yako peke yake. Yale mabati 14 yaliyookotwa yangeweza kumpata mtoto wa jirani. Na mkimaliza kujenga, msiache vipande vya bati na papi uani. Kikitangazwa kimbunga hakuna atakayekumbuka kuvifunga.

Jambo lingine: upepo hugeuka. Kitovu kikipita juu yenu, kunakuwa kimya, watu wanatoka nje kuangalia uharibifu, kisha upepo unarudi kutoka upande wa pili. Paa lililolegezwa na mkono wa kwanza humalizwa na mkono wa pili. Kwa hiyo usiimarishe upande wa bahari tu.

---

Fundi_Mikindani

Umesema kweli, Bin Ngazija, ingawa mimi bado napiga bati kwa kuuangalia upepo wa kusi, kwa kuwa huo ndio unaotusumbua kila mwaka. Kama kusi inapiga kutoka baharini, anzia upande wa nchi kavu ukija kuelekea baharini, ili mdomo wa bati la juu uangalie kule upepo unakoelekea, usiangalie unakotoka. Mlalo wa ubavuni, yaani pale bati linapolalia jingine, uwe mgongo mmoja na nusu au miwili. Mlalo wa urefu usipungue sentimita 20.

Na kofia, mwanangu! Kofia ndiyo inayoanza kwenda, kisha inafungua mlango kwa mabati ya juu. Ipige skrubu pande zote mbili, kila mgongo, bila kuruka hata mmoja.

---

Msafiri_Tampa

Habari za nyumbani. Mimi niko Florida, nafanya kazi na kampuni ya kuezeka, na hapa vimbunga ni sehemu ya kalenda. Mwaka 2024 tulipata Helene mwishoni mwa Septemba, kisha Milton tarehe 9 Oktoba. Wiki mbili tu kati yake.

Huku sheria za ujenzi zilibadilika baada ya Kimbunga Andrew, Agosti 1992, kilichobomoa maelfu ya nyumba kusini mwa Miami. Kuanzia mwaka 2002 jimbo zima lina kanuni moja, na mkaguzi anapanda juu kuangalia vifungo kabla hatujaruhusiwa kufunika. Mwenye nyumba mwenye mikanda ya chuma kati ya kenchi na ukuta anapunguziwa bima. Hiyo inawafanya watu wajali kitu ambacho hakionekani kwa macho.

Kuna jambo moja ambalo sijaliona kwenye uzi huu. Huku chini ya bati kuna mbao bapa zilizofunika paa zima, na juu ya mbao karatasi nzito ya kunata isiyopitisha maji. Bati likienda, nyumba bado haivuji. Najua plaiwudi ya paa zima itakula fedha nyingi Mafia. Lakini mnaweza kufanya hivyo juu ya chumba kimoja. Chagua chumba cha mama, kile kidogo chenye kuta nne imara, kifunike kwa plaiwudi na karatasi ya lami chini ya bati. Hicho kiwe chumba cha kukimbilia.

Na madirisha. Dirisha la upande wa upepo likivunjika, upepo unajaa ndani ya nyumba na kulisukuma paa kutoka chini, huku upepo wa nje ukilinyonya kutoka juu. Vile vizuizi vya mbao vya madirisha vya kizamani vya pwani yetu vilikuwa na maana yake. Vitengenezeni tena.

---

MwanaChole

Kaka wa Tampa, wazo la chumba kimoja limenigusa sana. Sikuwa nimelifikiria. Nimempigia mama, amekubali, amesema kiwe chumba cha kaskazini kwa kuwa ndicho chenye dirisha dogo.

Naomba niwape na mimi yangu ya wiki hii. Nilikwenda duka moja Dar kuangalia bati lililoandikwa geji 28. Nilibeba kile kipimo cha unene cha mafundi wa gereji. Geji 28 tuliyozoea ni kama milimita 0.4, geji 30 kama milimita 0.3. Lile la dukani lilisoma 0.31, na hapo nimepima pamoja na rangi. Muuzaji alisema ndivyo wanavyoletewa. Sikununua. Wakuu, geji ni neno la mdomo, milimita ndiyo mali. Andikisheni milimita kwenye risiti, na pimeni ukingoni mwa bati kabla halijapakiwa.

Ninalo swali la chumvi. Nyumba iko kama mita 300 kutoka ufukweni.

---

Mhandisi_Lindi

Kwa umbali huo, bati lenye mpako wa zinki tupu litaanza kutu mapema. Lenye mchanganyiko wa aluminiamu na zinki linadumu zaidi. Ule mchanganyiko ni kama asilimia 55 aluminiamu, sehemu kubwa iliyobaki ni zinki, na silikoni kidogo. Uliza uzito wa mpako, gramu 150 kwa mita ya mraba ndio wa kutafuta. Aluminiamu tupu haishiki kutu kama chuma, lakini ni laini, inachanika kwenye skrubu kwa urahisi, hivyo inahitaji iwe nene na papi ziwe karibu. Ndiyo maana bei ilikutisha.

Kinachokufa kwanza ufukweni ni skrubu. Bati zima, skrubu imeliwa shingo, na ukiangalia kutoka chini huoni chochote. Nunua zenye mpako wa kustahimili chumvi ya bahari, angalau kwa kingo, pembe na kofia. Mikanda yako ya chuma nayo iwe imepakwa zinki kwa kuzamishwa. Na saruji mbichi isidondokee bati hilo, inalibabua. Maliza plasta kwanza.

---

KilwaKivinje

Wakuu, watu wanasema haya ni mambo mapya, eti zamani vimbunga havikuwepo huku. Wazee wa Lindi wanakikumbuka cha Aprili 1952. Na Unguja ile ya mwaka 1872, Aprili vilevile, iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya kisiwa. Vinakuja kwa nadra kwa sababu tuko karibu na ikweta, Mafia iko nyuzi 8 tu kusini. Lakini Jobo ilisogea mwaka 2021 ikafifia, Hidaya ikafika. Tazameni miezi yake: Kenneth Aprili, Jobo Aprili, Hidaya Mei. Mwenye kuezeka amalize kabla ya masika.

---

MwanaChole

Ndugu zangu, naleta mrejesho. Kazi ilichukua wiki tano.

Tulitoa kozi ya juu na kumwaga mkanda wa zege. Ilikula karibu theluthi ya fedha yote, na hapo ndipo nilipomwambia mama kwamba rangi ya maruni haitawezekana. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama ule mkanda utaonekana. Nikamwambia hapana. Akasema, "Basi uweke."

Paa sasa ni la pande nne, nyuzi 27. Mbao ni za Mafinga zilizowekwa dawa. Bati ni la migongo mipana, milimita 0.42 kwa kipimo changu mwenyewe. Skrubu zimeingia 1,340. Nilitaka mabati marefu ya kipande kimoja, lakini nahodha wa boti ya Nyamisati alikataa kupakia zaidi ya mita nne, bahari ilikuwa na mawimbi, hivyo kuna mlalo mmoja katikati ambao tumeuwekea papi mbili na skrubu kila mgongo. Chumba cha kaskazini kina plaiwudi na karatasi ya lami. Fundi wetu wa hapa alikuwa na wasiwasi na ile mikanda, alisema ni kupoteza muda, mpaka nilipomwonyesha yale mabati 11 yenye papi zake. Niliyatunza kwa sababu hiyo. Aliyageuza akayatazama, kisha akaomba mkasi wa bati akaanza kukata mikanda mwenyewe.

Baraza bado. Litakuwa na paa lake peke yake kama mlivyoshauri, mwezi ujao Mungu akipenda. Skrubu zake ziko kwenye ndoo chini ya kitanda cha mama.

---

Fundi_Mikindani

Hongera sana, mwanangu, na umsalimie mama. Ukipandisha picha, usitupigie mbele ya nyumba. Panda ngazi utupigie pembe nne za paa na ile kofia, tuzihesabu skrubu.